Macho ya rangi ya asali: matone ya nyumbani, lensi, upasuaji au wanja?

Katika saluni yangu ya kupambia maharusi hapa Mtwara, swali la macho huja zaidi kuanzia Oktoba na Novemba, minada ya korosho inapoanza na harusi zilizokuwa zikisubiri fedha zinapopangiwa tarehe. Bibi harusi huketi kwenye kiti, hunionesha picha ya msichana mwenye macho ya rangi ya asali, kisha huniuliza kama ni kweli kwamba matone ya asali na maji ya uvuguvugu, au ya ndimu iliyozimuliwa, yatampa macho ya namna ile kabla ya siku yake. Wengine huuliza wakiwa wameshaanza kuyatia. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya mtu aliyekwama kati ya njia nne ninazozisikia mara nyingi: matone ya kutengeneza nyumbani, lensi za rangi, upasuaji wa kubadili rangi, na upambaji usioingia ndani ya jicho, yaani wanja, nguo na mwanga.

Kwanza, ni rangi au ni weupe?

Kabla ya kulinganisha chochote, mtu ajue anachokitaka, kwa sababu wengi wanaoniambia "nataka macho yangu yang'ae" hawasumbuliwi na rangi hata kidogo. Jicho lina sehemu tatu zinazoonekana kwenye kioo: weupe wa jicho, duara la rangi ambalo wataalamu huliita airisi, na mboni, lile tundu jeusi la katikati. Mwanamke aliyepikia kuni miaka yote, au kijana aliyeshinda shambani wakati wa kupulizia mikorosho salfa, mara nyingi huwa na weupe uliogeuka mwekundu au wenye kinyama kinachotambaa kuelekea katikati. Huyo anahitaji kuonwa na mhudumu wa macho, na pengine miwani ya kumkinga na vumbi na jua. Rangi ya airisi yake haina kosa. Weupe uliogeuka manjano ni jambo jingine tena, kwa kuwa huweza kuwa dalili ya ugonjwa wa ini au wa damu, na hapo saluni si mahali pa kuanzia.

Anayetaka rangi hasa, yaani airisi yenyewe ionekane nyepesi, inafaa ajue rangi hiyo inakaa wapi. Jicho la kahawia lina melanini nyingi kwenye airisi, ileile melanini inayoipa ngozi weusi wake. Jicho la buluu halina rangi ya buluu ndani yake. Lina melanini kidogo tu upande wa mbele, na mwanga unapotawanyika ndani ya airisi hurudi ukiwa wa buluu, kwa namna inayofanana na anga lisilo na rangi yoyote iliyopakwa. Kiasi cha melanini mtu hukirithi, na vinasaba vinavyotajwa zaidi katika jambo hili ni viwili vinavyopakana, OCA2 na HERC2. Mbele ya airisi yapo maji ya ndani ya jicho, na mbele ya maji hayo ipo konea, kioo cha jicho, ambacho katikati kina unene wa karibu nusu milimita. Kwa hiyo kinachodondoshwa juu ya jicho hukutana na machozi, kisha konea, kisha maji ya ndani, kabla ya kuifikia melanini iliyomo ndani ya chembe hai za airisi.

Vigezo nitakavyotumia ni vitano, na kila njia itapimwa kwa hivyohivyo: kama rangi inabadilika kweli, hatari iliyopo, kama mtu anaweza kurudi alipokuwa, gharama pamoja na upatikanaji katika mikoa yetu ya Mtwara na Lindi, na mwisho ni nani anayefaa kuifikiria.

Matone ya kutengeneza nyumbani

*Rangi.* Yanayotajwa zaidi ni asali, hasa ya nyuki wadogo, kisha ndimu, chai ya maua ya kamomili, maziwa ya mama na magadi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoondoa melanini kwenye airisi. Jicho lina nafasi ndogo sana ya kubeba maji. Tone moja la kawaida ni kubwa kuliko machozi yote yaliyomo kwa wakati mmoja, kwa hiyo sehemu kubwa humwagikia shavuni au hushuka puani na kooni kupitia mfereji wa machozi. Ndiyo sababu mtu aliyetiwa dawa ya macho huionja baadaye ulimini. Kinachobaki huoshwa kwa kila kupepesa, na ile melanini haimo juu kama vumbi la kufutwa.

Hata hivyo wapo wanaoapa kwamba rangi yao ilibadilika, na sidhani kwamba wote wanasema uongo. Jicho lililowashwa huwa jekundu kuzunguka airisi, na kahawia ikizungukwa na wekundu huonekana imefifia. Picha ya pili hupigwa dirishani asubuhi ilhali ya kwanza ilipigwa chini ya taa ya usiku, na kwenye mwanga mkali mboni husinyaa, hivyo sehemu kubwa zaidi ya kahawia hujitokeza. Tena ukipenda, chongo huita kengeza: aliyevumilia maumivu wiki tatu hutamani kuona faida. Ipo sababu ya nne, nayo ndiyo inayonitisha. Konea iliyojeruhiwa hupona kwa kovu, na kovu la konea ni jeupe au la kijivu. Wazee wetu waliliita chamba. Jicho lenye chamba kwa kweli huonekana limepauka, lakini kilichopauka ni kioo cha mbele, na mwenye nalo huona ukungu.

*Hatari.* Hoja ninayoisikia kila siku ni kwamba vitu hivi ni vya asili, na cha asili hakidhuru. Bibi yangu alibangua korosho Newala kwa miaka mingi, na kabla ya kugusa ganda alijipaka majivu viganjani, akaweka kibakuli cha majivu karibu na goti na kuchovya vidole kila baada ya korosho chache, kwa sababu mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi hadi ikabambuka. Korosho ni ya asili kama ndimu. Ikiwa kiganja kilichokomazwa na jembe kilihitaji majivu, konea ya nusu milimita isiyo na ngozi ngumu juu yake inahitaji hadhari kubwa zaidi.

Ndimu ni asidi. Machozi yana kipimo cha pH (namba ikishuka, asidi imezidi) cha karibu 7.4, na maji ya ndimu yako kati ya 2 na 3. Kwa kuwa kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara kumi, tofauti yake inazidi mara elfu kumi. Nilipokuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni mkoani Lindi, tulikuwa wasichana watatu tulioamini kwamba ndimu inayong'arisha sufuria itang'arisha na macho. Nililala chali kitandani, rafiki yangu akakamulia kipande kwenye kijiko cha maji, akachovya ncha ya kitambaa na kunidondoshea tone moja jicho la kushoto. Jicho lilijifunga lenyewe, nikashindwa kulifungua hata kwa vidole vya mikono miwili. Kamasi zilinitoka, na baada ya muda uchachu ukanifika kooni. Kesho yake mhudumu wa zahanati alinimulika kwa kurunzi na kuniambia konea imechubuka. Nilipaka dawa ya mafuta kwa wiki nzima, na duara lilibaki lilelile la kahawia iliyokolea nililorithi kwa baba.

Magadi, ambayo wengine huyachukulia kuwa mapole kwa sababu yanalainisha kunde, ni ya upande wa pili, wa alkali, kama ilivyo chokaa ya tambuu. Alkali kali jichoni mara nyingi ni mbaya kuliko asidi, kwa kuwa huyeyusha tishu na kuendelea kupenya ndani badala ya kuishia juu. Maziwa ya mama na chai ya maua haviunguzi, lakini vina tatizo la vijidudu: maziwa ni chakula cha bakteria pia, na chai iliyopoa kikombeni tangu asubuhi haiwezi kuitwa safi kwa kipimo cha jicho.

Asali ninaiweka peke yake kwa sababu inastahili haki yake. Ni kweli kwamba asali huzuia bakteria wengi na kwamba hospitali hutumia asali maalumu kufungia vidonda. Ni kweli pia kwamba yapo matone ya asali yaliyotengenezwa kitabibu kwa ajili ya macho makavu. Asali hiyo huuliwa vijidudu kwa mionzi na kupimwa kiwandani. Asali ya chupa ya sokoni, hata iwe ile nzuri ya Liwale iliyotoka moja kwa moja kwenye mzinga, hubeba chavua, vipande vya nta na mbegu za bakteria wanaolala. Ina asidi pia, ndiyo maana huchoma. Isitoshe, hata ile ya kitabibu haikutengenezwa kwa ajili ya rangi.

Nchini Tanzania jambo hili limeshaandikwa na madaktari. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 kuhusu vidonda vya konea ulivihusisha baadhi yake na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Wagonjwa wale walikuwa wakitafuta nafuu ya ugonjwa. Mwenye jicho zima hana hata sababu hiyo.

*Kurudi nyuma.* Mchubuko mdogo hupona kwa siku chache. Kovu la konea halifutiki kwa dawa, na likikaa mbele ya mboni njia inayobaki mara nyingi ni kupandikizwa konea.

*Gharama na upatikanaji.* Hapa matone hayana mshindani: ndimu iko gengeni, asali iko kabatini, na hakuna anayejua ulichokifanya. Faragha hiyo ndiyo inayowavuta wasichana wa shule, ambao hawawezi kuomba nyumbani fedha za lensi.

*Anayefaa.* Kwa lengo la rangi, sijaona ambaye yatamfaa. Anayependa namna hii kwa sababu ya utulivu wake, yaani kujilaza na kuyatunza macho, anaweza kufumba macho na kuweka kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu juu ya kope. Hupunguza uchovu wala hakiingii ndani.

Neno moja kuhusu matone yanayouzwa mtandaoni kwa ahadi ya kubadili rangi. Matone yanayojulikana vizuri kitabibu kuwa hubadili rangi ya airisi ni ya kundi la latanoprosti, ambayo ni dawa ya presha ya jicho, na mabadiliko yake huenda upande usiotakiwa: huongeza melanini, jicho likawa la kahawia zaidi, na hali hiyo huwa ya kudumu. Mwaka 2024 chama cha madaktari bingwa wa macho wa Marekani kilitoa tahadhari dhidi ya matone ya kubadili rangi yanayouzwa kiholela. Tumeshaona mkorogo ulivyofanya kwenye ngozi za dada zetu. Nadhani chupa hizi zinatembea kwenye njia ileile.

Lensi za rangi

*Rangi.* Hapa rangi hubadilika kweli kwa macho ya anayekutazama, na hubadilika kwa dakika moja. Lensi ni kiwambo laini chenye upana wa karibu milimita 14 kinachokaa juu ya konea, kikiwa kimechapwa rangi kuzunguka tundu la katikati. Kwa macho yetu ya kahawia iliyokolea, lensi zenye rangi hafifu hazionekani. Zinazofanya kazi ni zile zilizochapwa rangi nzito, na kati ya hizo, rangi ya asali na ya kahawia nyepesi hukaa kwa uhalisia kuliko kijivu na buluu. Haya nayasema kama mpambaji, si kama daktari.

*Hatari.* Konea haina mishipa ya damu. Hewa yake huipata moja kwa moja kutoka nje kupitia machozi. Lensi hupunguza hewa hiyo, na ndiyo sababu kulala nayo ni hatari kubwa. Hatari ya pili ni vijidudu. Bakteria anayeitwa Pseudomonas anaweza kuharibu konea kwa siku chache tu, na yupo pia mdudu mdogo wa majini, akanthamiba, anayekaa hata kwenye maji ya bomba na ya kisima, ambaye tiba yake huchukua miezi. Kwa hiyo lensi haioshwi kwa maji ya kawaida, haiwekwi mate, haiogelewi nayo Msimbati wala Msanga Mkuu, na haiazimwi. Huoshwa na kuhifadhiwa katika maji maalumu ya lensi, na maji hayo humwagwa kila siku badala ya kuongezewa mapya juu ya ya jana.

Mwaka juzi bibi harusi mmoja alifika kwangu alfajiri akiwa na lensi alizopewa na mtu wa ukoo wake aliyezivaa kwenye sherehe mwezi uliotangulia. Alizitoa kwenye kikopo cha losheni kilichooshwa, zikiwa zinaelea kwenye maji ya ndoo. Moja ilikuwa imekunjika ukingoni kama ganda la kitunguu. Shangazi yake alikuwa amesimama nyuma yangu akisema, "Mvishe tu mwanangu, ni siku moja." Nilimwambia, "Shangazi, siku moja inatosha." Nikampamba bila lensi, naye hakunisemesha hadi jioni.

Lipo jambo dogo ambalo wauzaji hawalisemi. Gizani mboni hupanuka, na ikizidi tundu la lensi, rangi iliyochapwa huingia kwenye njia ya kuona, mtu akaona utando pembeni. Kwa anayeendesha bodaboda au pikipiki yake usiku, hilo si dogo tena.

*Kurudi nyuma.* Ukizivua, umerudi ulivyozaliwa. Hii ndiyo sifa yake kubwa, madhali hazijaacha kidonda.

*Gharama na upatikanaji.* Lensi nyingi zinazovaliwa huku huagizwa Dar es Salaam na kuletwa na basi, na zile za dukani zinazoning'inia pamoja na kope za bandia na nywele huwa hazina maelezo ya kipimo. Bei ya lensi yenyewe ni sehemu ndogo tu ya gharama. Ongeza kupimwa na mtaalamu wa optometria, yaani upimaji wa macho, kwa kuwa konea hutofautiana mkunjo hata kwa mtu anayeona vizuri, ongeza maji ya lensi, na kikopo kinachobadilishwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Nchini Marekani tangu mwaka 2005 sheria inazihesabu lensi zote, hata za urembo tupu, kuwa kifaa tiba kinachohitaji cheti cha mtaalamu. Kwetu vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mnunuzi wa Mtwara au Lindi aichukulie lensi hivyohivyo, kifaa tiba, hata kama amekiona katikati ya hereni na rangi za kucha.

Kuna gharama nyingine ambayo ni ya huku kwetu hasa, nayo ni maji. Kabla ya kugusa lensi mikono huoshwa kwa sabuni na maji tiririka, ikakaushwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, asubuhi na jioni. Aliye Shangani mwenye bomba uani hatalihisi jambo hilo. Aliye juu ya uwanda wa Makonde, anayeteka maji ya mvua kutoka kisima cha nyumbani na kuyapima kwa kata hadi msimu mwingine, aliangalie kabla hajanunua.

*Anayefaa.* Mtu mzima mwenye subira ya usafi, asiye na macho makavu wala mzio unaomwasha kila mara, aliyepimwa, na anayeweza kufanya mazoezi ya kuvaa na kuvua wiki kadhaa kabla ya siku anayoihitaji.

Upasuaji wa kubadili rangi

*Rangi.* Njia zilizopo ni tatu: kuingiza rangi ndani ya konea kwa namna ya tatuu, kuvunja melanini ya airisi kwa mionzi ya leza, na kupachika airisi ya bandia mbele ya ile ya asili. Zote hubadili mwonekano, na hufanya hivyo kwa muda mrefu kuliko lensi.

*Hatari.* Kuingiza rangi kwenye konea huweza kuleta maambukizi, kuona ukungu na kuumizwa na mwanga. Melanini inayovunjwa na leza huelea ndani ya jicho na huweza kuziba njia ya maji, presha ya jicho ikapanda. Airisi za bandia za urembo zimesababisha glakoma (ugonjwa wa presha ya jicho), mtoto wa jicho, kuvimba kwa konea, na kwa baadhi ya watu upofu. Chama kilekile cha madaktari wa Marekani kilitahadharisha mwaka 2024 dhidi ya upasuaji wa namna hii kwa sababu za urembo peke yake.

*Kurudi nyuma.* Airisi ya bandia huweza kutolewa kwa upasuaji wa pili, mara nyingine baada ya madhara kutokea. Melanini iliyovunjwa hairudi.

*Gharama na upatikanaji.* Ni maelfu ya dola, nauli ya ndege, na kurudi tena kwa daktari yuleyule tatizo likitokea. Atakayeugua akiwa Nachingwea atakuwa mbali sana na aliyempasua.

*Anayefaa.* Hapa haki inanilazimu kusema kwamba asili ya fani hii ni tiba. Kuchora rangi kwenye konea kumetumika kwa muda mrefu kuficha makovu ya macho yasiyoona, na mwaka 2018 Marekani iliidhinisha airisi ya bandia kwa watu waliozaliwa bila airisi au walioipoteza kwa ajali. Mwenye chamba kinachomtia unyonge mbele ya watu ana swali halali la kumuuliza daktari bingwa wa macho.

Wanja, nguo na mwanga

*Rangi.* Airisi haibadiliki, lakini kinachoonekana hubadilika kuliko watu wanavyotarajia. Mkalishe msichana mwenye macho ya kahawia ubavuni mwa dirisha linalopokea jua la saa tatu asubuhi, mwambie atazame nje kidogo, nawe utaona duara ambalo chumbani lilikuwa jeusi likiwa na rangi ya chai iliyochujwa, na karibu na mboni vimistari vya dhahabu. Mboni imesinyaa na mwanga umeingia kwa ubavu, basi. Rangi za kope za shaba na dhahabu huivuta kahawia iwe ya joto zaidi, na zambarau huifanya ijitenge. Wanja mweusi mzito kope zote mbili hufanya weupe uonekane mweupe zaidi lakini huitia airisi giza, kwa hiyo anayetaka wepesi wa rangi ninampaka wanja wa kahawia, tena nje ya mstari wa kope. Kilemba au kanga ya njano iliyokolea karibu na uso hurudisha mwanga wa joto machoni. Ya buluu iliyoiva hufanya kinyume.

*Hatari.* Ni ndogo, lakini ipo. Wanja wa kusaga unaouzwa bila jina wala anwani umewahi kukutwa na madini ya risasi katika nchi nyingi, na haufai kabisa kwa watoto wachanga ambao bado tunawapaka. Brashi na penseli za kuazimana hupeleka macho mekundu nyumba hadi nyumba. Piko haipakwi kwenye kope wala karibu nazo, hata kama imezoeleka kwa mikono na miguu.

*Kurudi nyuma.* Maji na mafuta kidogo jioni, basi yameisha.

*Gharama na upatikanaji.* Ni nafuu kuliko lensi, na mwanga wa dirishani ni wa bure. Mpigapicha anayejua kumweka mtu kwenye mwanga atafanya kazi kubwa kuliko chupa yoyote.

*Anayefaa.* Anayetaka mwonekano wa siku moja au wa picha. Haitamfaa anayetaka jirani ashangae sokoni Jumatatu.

Kwa kila hali

Ikiwa harusi ni baada ya wiki mbili na hujawahi kuvaa lensi, siku hiyo si ya kujifunzia. Machozi ya kuagwa peke yake yatakutosha. Chagua wanja na mwanga, na uombe picha za asubuhi au za alasiri badala ya adhuhuri, jua linapokuwa utosini na kutia vivuli machoni. Ikiwa una miezi mitatu na uwezo wa kwenda kupimwa, lensi ni chaguo lenye maana, na mtaalamu atakwambia pia kama macho yako ni makavu mno kuzivaa.

Ikiwa tayari unavaa miwani ya kuonea mbali, muulize mtaalamu kuhusu lensi zenye rangi na namba yako pamoja. Zipo, nazo zitakuondolea tatizo la kuvua miwani kwenye picha na kushindwa kuwatambua wageni. Ukiwa unaishi mahali ambapo maji ni ya kupimwa kwa kata, lensi za kutupwa kila jioni hupunguza kazi ya kuosha na kuhifadhi, ingawa bei yake kwa siku ni kubwa na mikono bado itaoshwa.

Wenye ualbino na wengine waliozaliwa na macho mepesi hujua jambo ambalo wanaotamani rangi hiyo hawalijui: airisi yenye melanini kidogo hupitisha mwanga mwingi, na jua la pwani yetu huwaumiza. Kwao miwani ya jua na kofia pana ni muhimu kuliko mjadala wote huu.

Jicho moja likibadilika rangi lenyewe, au mboni ya mtoto ikionekana nyeupe hasa kwenye picha yenye mwako, usisubiri mwezi uishe. Hospitali za rufaa za mkoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, ni mahali pa kuanzia, nao watakuelekeza mbele ikihitajika.

Na kama umeshatia ndimu, magadi au chochote kinachochoma, osha jicho sasa hivi kwa maji safi mengi, ukilala ubavu ili maji yatoke upande wa sikio, kwa dakika 15 hadi 30 bila kusugua, na mwenzako akikushikilia kope ziwe wazi. Usitie maziwa wala asali ili kupoza. Kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua, na ubebe chupa au kikombe ulichotumia, ili daktari ajue kilichoingia.